Umeondoka na Kitambaa Chetu

Shoga yangu Tatu,

Sijui barua ya kwenda kwako inaanzaje. Zote nilizowahi kuandika zilianza na hujambo, na neno hilo kwako halina tena pa kushika. Nikuambie mimi sijambo? Ungecheka mpaka mtandio ukuanguke. Basi naingia bila hodi, kama ulivyokuwa ukiingia chumbani kwangu pale Kinondoni, unausukuma mlango kwa kiuno kwa sababu mikono imejaa hina, unasema, "We Mnyamwezi, bado umelala? Mizigo ya watu nani atabeba?"

Niko kazini, mezani kwangu, katika chumba cha kuunganishia filamu, kile ulichokuwa ukikiita jikoni kwa ajili ya mikasi, gundi na umbea. Wenzangu wametoka kwenda kula. Mimi chakula cha mchana siku hizi nakiacha, maana ndiyo saa uliyokuwa ukitoka Kariakoo na kifurushi chako cha hina, ukasimama chini ya dirisha hili na kuniita kwa sauti ya kuaibisha. Jana nimechungulia. Mimi najua hupo, lakini shingo yangu bado haijui.

Nakuandikia kwa kuwa tamasha letu limepita na una haki ya kujua lilivyokwenda. Nimengoja mtu mwingine akueleze, nikaona hakuna. Na pia nina ugomvi na wewe. Tulipanga pamoja, tukahangaika pamoja, halafu zilipobaki wiki chache ukafa. Tena hukuondoka mikono mitupu. Umeondoka na kitambaa chetu.

Unakumbuka mambo yote haya yalivyoanza? Nilirudi nyumbani na furushi la mikanda mitupu, ile ya mwanzo wa filamu isiyo na picha, ambayo hapa kazini tunaitupa. Nilitaka kuifanya kamba ya kuanikia nguo. Wewe ulikuwa umekaa barazani unachekecha hina ya bi harusi mmoja wa Magomeni. Ukauchukua mkanda, ukaunusa, ukaulamba, ukauliza umetengenezwa kwa kitu gani. Nikakueleza nilivyofundishwa, kwamba ni plastiki, na juu yake kuna utando mwembamba unaotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ukanikodolea macho.

"Sasa si ngozi hii? Ngozi gani inayoikataa hina?"

Siku ile ile ukaanza kuchora. Ulichora maua yako ya mabibi harusi, madogo, madogo, mpaka nikakuonea huruma macho. Na kwa kuwa mkono ukishazoea haufikiri tena, ulifanya kama unavyomfanyia kila mwari. Hina ilipoanza kukauka ukainyunyizia maji ya ndimu na sukari ili ikolee. Ndimu na sukari, Tatu, kwenye filamu! Tukaianika uani, tukaenda zetu dukani. Tuliporudi sisimizi walikuwa wamepanga foleni nzuri kuliko ile tuliyotoka kuipanga sisi, wamepita juu ya maua yote, wameiburura hina huku na huku kwa vile vijiguu vyao. Mimi nilitaka kulia. Wewe ulivuta kigoda ukakaa kuwatazama.

"Waache wale," ulisema. "Harusi haikosi wadoezi."

Ulinishurutisha niulete mkanda ule hapa ofisini. Saidi, dereva wa gari la sinema, akatuonyesha ukutani saa ya mapumziko, huku anatuzomea kabla hata hajawasha mashine. Taa ilipowaka akanyamaza. Maua yako yalikuwa yanafumba na kufumbua, na zile njia za sisimizi zilikuwa zinakimbia katikati yake, nyekundu, zinapinda, zinapishana, zinarudi. Kisha ukaniambia sikioni, "Agata, wanacheza mdundiko."

Tangu siku hiyo hatukulala usingizi wa watu wazima. Hamza, fundi cherehani wa Temeke, ulimpata wewe. Ulikwenda kushonewa gauni ukarudi na mshirika, naye akawa anapitisha mikanda kwenye cherehani bila uzi, sindano inatoboa vitundu, na vitundu vile vikipita kwenye mwanga inanyesha mvua ukutani. Kisha wakaja wale vijana wawili wa Manzese wanaoandika vibao vya maduka, wakakwangua mikanda kwa misumari. Hakuna aliyetutuma. Wakati nchi nzima inahimizana kulima na kujenga, sisi tulikuwa tunakwangua plastiki, na wewe ulisema nayo ni kazi, kwani jasho si linatoka?

Ukasema lazima tuwe na siku moja, filamu zote zionyeshwe, na iwe kwenu Kunduchi. Nilikuuliza kwa nini si mjini kwenye majumba ya sinema. Ukanijibu kwamba mama yako hajaingia jumba la sinema tangu azaliwe na hana mpango wa kuanza, kwa hiyo sinema ndiyo itakayomfuata. Nilijua palepale kwamba tamasha lote lile, pamoja na maneno yako mengi, lilikuwa la mtu mmoja.

Kwa Mzee Kombo, balozi wa nyumba kumi, tulikwenda pamoja kuomba ruhusa. Mimi nimesimama nimeshika mikono nyuma kama mwanafunzi, wewe umeshajikaribisha mkekani.

"Hizo filamu zinafundisha nini?" akauliza. "Kilimo? Afya?"

"Zinafundisha macho, Mzee," ulimjibu. "Macho nayo yanataka kisomo."

Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba tuanze na filamu ya kuchemsha maji ya kunywa. Njiani ulicheka mpaka ukashika mnazi. Ukasema maji yachemke, hata ya kuogea.

Kitambaa cha kuonyeshea picha ndicho kilichotutoa roho. Marekani nyeupe, ile nguo ya pamba, ilikuwa haionekani madukani, na duka la ushirika lilipoletewa tuliambiwa usiku kwa siri na mji mzima ukawa umeambiwa siri hiyohiyo. Tulisimama kwenye ile foleni kwa zamu, wewe unakwenda kupaka watu hina, mimi nakwenda kazini, Hamza anatushikia nafasi na kugombana na wanawake wa watu. Tulipokipata ulikibeba kichwani mpaka kwake. Ulikibeba mwenyewe, kwa mara ya kwanza hukusema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hamza akaunganisha mapande, akapiga pindo pande zote, akatia matundu ya kamba. Tukakiweka Kunduchi, kimekunjwa, chini ya kitanda cha mama yako.

Kisha ukapata homa. Homa ya kawaida, ulisema, ya mbu. Ulikwenda Kunduchi ili mama akukandekande na ukaniachia sufuria yako ya hina niioshe. Nilipata habari nikiwa nimeketi kwenye kiti hiki hiki, mkasi mkononi. Saidi ndiye aliyekuja kunipa, akavua kofia tu. Nilimwambia aivae. Nilimwambia, "Saidi, vaa kofia yako, usinitanie." Akakataa kuivaa.

Sasa nikuambie lililotokea siku ile, maana nadhani watu wamekwishakuhadithia vibaya huko uliko.

Nilifika Kunduchi nikakuta wanaume wameshachimba kaburi. Ndani wanawake wameshachemsha maji. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa sanda, kwa kuwa duka la ushirika lilikuwa tupu na la Mhindi limefungwa, na jua lilikuwa linakwenda. Mama yako aliinama akavuta kitambaa chini ya kitanda. Hakumwomba mtu. Hamza akaitwa aje afumue, maana sanda haina mshono. Akakaa uani na wembe, anafumua pindo alilolipiga mwenyewe, machozi yanamdondokea mkononi, na kila uzi anaoutoa anauweka mfukoni. Sijui aliutaka wa nini.

Alipomaliza mimi nikakichukua kitambaa. Nikakikumbatia, nikaenda kukaa mlangoni, katikati kabisa, miguu nimeinyoosha. Nikasema, "Hakipiti. Hiki ni cha sinema. Mtafuteni mwenye kingine."

Watu wakacheka, Tatu. Msiba mzima ukacheka. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani ana haki ya kuzuia mlango, kulala kaburini, kudai sanda, na yote yanachukuliwa kwa kicheko mpaka apewe chochote apishe. "Mtani huyo kaanza!" wakasema. "Mpeni kitu mama wa watu, jua linazama." Wakanitupia vijisenti kwenye mapaja. Mwanamke mmoja akanitia pilipili mdomoni kama ada. Na mimi nilikuwa sitanii. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa mbali na utani kama siku ile. Sikuwa na choyo cha kitambaa, Mungu ananijua. Nilichokijua ni kwamba kikikatwa tu, basi umekufa kweli, na kama nikikaa pale mlangoni nisisogee, mambo yatabaki katikati, hayaendi mbele.

Wote walicheka isipokuwa mama yako. Alitoka, akachuchumaa mbele yangu, akanitazama usoni. Alijua. Hakuvuta kitambaa. Alinifuta pilipili kwa upindo wa kanga yake, akangoja. Nikampa.

Nikajipiga ishara ya msalaba katikati ya Waislamu wote wale na hakuna aliyenisema.

Baada ya hapo sikutaka kusikia habari za tamasha. Chumba chako pale Kinondoni amehamia karani mmoja kijana, mpole, hana kosa lolote, ila anafunga mlango kwa ufunguo na wewe hukuwahi. Ukuta wa barazani ulipokuwa ukifutia vidole bado una alama zako za hina. Mwenye nyumba anataka kupaka rangi. Nimemwambia akijaribu nitahama, naye anajua mimi ndiye mpangaji pekee asiyegombania bomba.

Hamza alikuja na mashuka mawili ya kitanda. Alisema tuyaunganishe, ruhusa ipo, gari la sinema lipo, watu wameshaambiwa. Akayatundika kwenye kamba uani nione. Upepo ukayajaza. Nilipoona kitu cheupe kimesimama vile, nilitoka nje nikaenda mpaka barabara kubwa ya Morogoro, sijui nilikuwa nakwenda wapi. Nilirudi nikamwambia aende nayo. Nikamwambia tumeahirisha, nikimaanisha tumeacha.

Siku ya arobaini nilikwenda Kunduchi. Khitma ilisomwa, tukala, wageni wakapungua. Nikamfuata mama yako jikoni kumwambia yale mambo ya sinema yamekwisha, asiwe na wasiwasi. Nilidhani atashukuru. Tangu siku za mwanzo za msiba alikuwa anasema hina na msiba havikai chungu kimoja, na kwamba kuonyesha mapambo ya harusi mbele ya nyumba iliyotoa maiti ni kumchokoza Mungu.

Alikuwa anaosha vikombe. Hakuinua kichwa.

"Mwanangu hana picha," alisema. "Nimepekua sanduku lake lote. Hata ile ndogo ya kitambulisho hamna."

Nilimwambia ni kweli. Wewe uliyekuwa ukinifanya nionekane mjinga tukizungumzia sinema hukutaka kupigwa picha hata moja. Ulikuwa unangoja upate gauni la maana. Ulikuwa unangoja meno yapate nafuu. Daima ulikuwa unangoja kitu, na sisi tukakuacha ungoje.

"Uso wake umeanza kunipotea," mama yako akasema. "Siku arobaini tu. Jana nimeamka nikautafuta, nikapata wa dada yake." Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotarajia kukiweza, "Katika hiyo michezo yenu ya mikanda, yeye yumo?"

Ndipo nilipolikumbuka dole gumba.

Unajua ninasema nini. Ile siku uliyofaulu kisomo cha watu wazima, ulipoandika jina lako mbele ya mwalimu na kuacha kutia dole kwenye karatasi za watu. Ulirudi nyumbani umelitazama dole lako kwa masikitiko. Ukasema maskini, limeachishwa kazi, tulitafutie nyingine. Ukachukua mkanda mpana wa kiganja... hapana, ninadanganya, mkanda ulikuwa mwembamba kama ilivyo yote, dole lako ndilo lililokuwa pana. Ukalichovya kwenye piko, ile nyeusi ya kuchorea kucha, ukaligandamiza juu ya mkanda, ukachovya tena, ukagandamiza tena, unashuka nao mwanzo mpaka mwisho, unaimba. "Chanda chema huvikwa pete," ulisema. "Hiki changu kibaya nakivika piko." Nilikukanya kwamba piko haizami kama hina, inakaa juu tu, itabanduka kwenye mashine. Hukusikia. Lini uliwahi kunisikia?

"Yumo, mama," nilimwambia. "Dole gumba lake limo."

Akasuuza kikombe cha mwisho. Akakifunika. "Pazia hatuna," alisema, "lakini ukuta si upo."

Nimeishi Pwani miaka mingi na sijaona wanawake wakifanya kazi kama ile. Chokaa ya Kunduchi unaijua, imechomwa hapohapo kwenye matanuri, inang'aa mpaka inauma. Walikoroga kwenye pipa. Walikwangua ukuta wa mbele, ule wa upande wa chumba chako cha usichana, wakaupaka, wakaungoja ukauke, wakaupaka tena. Mama yako alikaa mkekani akiwaonyesha kwa kidole palipobaki kijivu. Dirisha lako dogo lilikuwa katikati ya ukuta, hatukuwa na la kulifanya, basi wakalifunga na kulipaka chokaa nalo. Mimi nilibeba maji. Kila nikipita na ndoo mtu anasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kila mara nilikuwa nageuka kuangalia ni nani aliyesema, ingawa sauti haikuwa yako.

Siku yenyewe walikuja wengi kuliko tulivyofikiria. Walikuja na mikeka, na vigoda, na wazee wakaletewa viti. Baada ya Isha Saidi akaegesha gari, akawasha jenereta, na Mzee Kombo akasimama kutusemea. Akasema tuanze kwa dua ya marehemu, na tukaanza. Kisha maji yakachemshwa, Tatu. Dakika zote zile watu wameketi wanatazama sufuria inatokota, bwana aliyevaa koti jeupe anaelekeza, na mimi nikawa nasikia kicheko chako kinapanda kutoka kwenye ule mnazi.

Mvua ya Hamza ilipoanza kunyesha ukutani watoto wakanyoosha mikono. Bibi mmoja akavuta mkeka wake nyuma asiloe, halafu akajicheka mwenyewe. Za wale vijana wa Manzese zilipigiwa kelele, kwa kuwa mikwaruzo ilionekana kama umeme, na mtu akaapa kwamba ameona nyoka. Kisha wakaja sisimizi wako. Walicheza mdundiko wao wote ule, na walipofika kwenye dirisha lako mbao zilizobonyea zikawafanya waonekane wanaingia ndani na kutoka upande wa pili. Watu walicheka kwa furaha hasa. Mzee Kombo akasimama kuuliza hii nayo inafundisha nini, na sauti ya kike ikatoka gizani, "Inafundisha kukaa, Mzee, kaa tuone." Akakaa. Nilitamani umsikie yule mwanamke. Mngeelewana.

Dole lako niliomba liwe la mwisho. Saidi alinivuta pembeni kabla ya kulivika kwenye mashine. "Dada Agata, mie nimeligusa tu piko imebaki kidoleni," alisema. "Hii tukiipitisha, inayorudi siyo iliyokwenda. Amua wewe." Kwa nini kila jambo lako zito unaniachia mimi? Nilitazama pale mkekani. Mama yako alikuwa ameketi mbele kabisa, mgongo wima, kanga mpya, kama mtu aliyekuja kuchumbiwa mtoto wake. Nikamwambia Saidi aendelee.

Sikuwa nimeliona ukutani hata siku moja, mimi na wewe hatukupata nafasi. Nilidhani litatokea dole zima. Halikutokea, maana dole lilikuwa kubwa kuliko picha, na kila picha ilibeba kipande chake. Kilichotokea ni mistari. Ile mistari ya ngozi yako, myeusi, mikubwa kama matuta ya shamba, inapanda ukuta mzima, inajikunja, inazunguka, na kila baada ya muda unapita mstari mmoja mweupe, ulionyooka, unaoikata yote. Unapita kushoto kwenda kulia, unapotea, unarudi. Jenereta tu ndiyo iliyokuwa ikisema.

Mama yako akainuka. Alikwenda mpaka ukutani, kivuli chake kikapanda pamoja naye, na hakuna aliyemwambia akae. Aliweka kiganja pale mstari mweupe unapopita.

"Mbuzi ya nazi," alisema. Hakuwa anasema na sisi. "Alikuwa ananikunia nazi ya futari. Mdogo hivi. Nilimwambia asishike mbuzi, akashika. Nilimfunga kwa kitambaa na majivu."

Lilikuwa ni kovu lako. Miaka yote ile nimekuona na lile kovu na sikuwahi kukuuliza lilitoka wapi. Mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe, na yeye bado ameuegemeza mkono.

"Rudisha," alisema.

Saidi akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaurudisha mkanda nyuma, akauanzisha, na ile mara ya pili mistari ilikuwa na mapengo, na vipande vidogo vya piko vilikuwa vimekwama mlangoni mwa mashine, pale mwanga unapopita, vinatetemeka ukutani kama nzi. Kovu lilipita. Mama yako akalifuata kwa kidole, kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, anatembea nalo. "Rudisha," akasema tena. Mara hiyo dole lilikuwa limechakaa kweli, kijivu, linaonekana na kutoonekana. Mimi nililia kwa sauti, sikuona aibu. Nilikuwa naona unavyokwisha, na mikono iliyokuwa inakumaliza ni yetu. Lakini nitamnyimaje? Nilishazuia mlango siku moja na haikusaidia kitu.

Ukuta ukarudi kuwa mweupe. Saidi akangoja. Sisi sote tukangoja aseme rudisha, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba akisema nitakubali, hata ibaki plastiki tupu.

Alishusha mkono. Kiganja chake kilikuwa cheupe kwa chokaa. Akakitazama, kisha akageuka kunitafuta gizani.

"Basi, mtani," akasema. "Mwache akapumzike."

Watu waliondoka polepole, wengine wakigusa ukuta wakati wa kupita. Hamza alikunja mikeka. Mimi nililala Kunduchi, kwenye kitanda chako, chini ya lile dirisha, na asubuhi nilimkuta mama yako barazani anakunywa chai, hajanawa mkono ule. Alinimiminia kikombe. Tulizungumza habari zako mpaka jua likapanda, tukacheka pia, usione wivu.

Ule mkanda ninao hapa mezani. Nikiuinua kwenye taa naona bado yamebaki madoa ya piko pembeni, karibu na matundu, pale mashine isipofika. Sitaupitisha tena. Nimeuzungusha kwenye kile kikopo chako cha hina, na kikopo nimekiweka mahali ambapo hata wewe kwa udadisi wako usingekigundua.

Wenzangu wanarudi, nasikia viatu ngazini. Nikuahidi jambo moja tu, mengine utaniona nikiyafanya. Kila mwaka chokaa ikianza kubambuka nitakwenda Kunduchi na brashi yangu, niupake ule ukuta kwa mkono wangu mwenyewe, na mama yako akae mkekani anionyeshe palipobaki kijivu. Siku atakapokuwa hayupo nitajionyesha mwenyewe. Mzigo umempa Mnyamwezi, na Mnyamwezi ameubeba.

Lala, Tatu. Ugomvi wetu umekwisha. Kitambaa kaa nacho, shoga yangu, sikudai tena. Mimi nina ukuta.

Mtani wako,
Agata